Boksi la Nane la Barafu

Mnunuzi wa samaki wa Lamu huamua kabla hajajua. Barafu hutafutwa alfajiri, au jioni ya kuamkia siku yenyewe, wakati vyombo vingali baharini na hakuna awezaye kusema vitarudi na changu kiasi gani, kolekole kiasi gani, au kama vitarudi na chochote cha kutajika. Akichukua barafu nyingi, humyeyukia ndani ya maboksi huku akiitazama. Akichukua kidogo, samaki hufika dikoni na yeye hana pa kuwatia, na kwa joto letu samaki asiye na barafu hushuka bei kwa saa, si kwa siku. Uamuzi huu hurudiwa karibu kila siku ya mwaka, na wengi wanaoufanya hufuata mazoea: chukua kiasi kile kile ulichozoea, ongeza kidogo ukisikia habari njema, punguza kidogo ikiwa jana ilibaki.

Mimi nilisoma takwimu, na kazi yangu kubwa kwa sasa ni kuwaandikia hesabu wenye maduka na wachuuzi wa kisiwani na wa Mokowe, ng'ambo upande wa bara. Katika kazi hiyo nimekuwa nikitumia modeli za hisabati, si zile kubwa zinazohitaji kompyuta za benki, bali zile ndogo zinazoweza kuandikwa nyuma ya risiti. Modeli ni namna ya kuacha makusudi sehemu kubwa ya mambo yalivyo, kubakisha kiasi kichache kinachohesabika, kisha kuuliza kitatokea nini kimoja kikibadilika. Faida yake kubwa, kwa nilivyoona, haimo katika jibu linalotoka mwishoni. Imo katika kumlazimisha mtu ataje kwa shilingi jambo alilokuwa akilichukulia hivi hivi, na kumwonyesha ni namba ipi inayobadilisha uamuzi na ipi ambayo mkiigombania mnapoteza muda bure.

Nianze na barafu. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimezinyoosha ili hesabu ifuatike kwa kalamu. Tuseme boksi moja la barafu ni shilingi 300 na linatosha kuhifadhi kilo 20 za samaki hadi wamfikie mnunuzi wa Mombasa. Tuseme pia kwamba, baada ya kumlipa mvuvi, usafiri na vibarua, kila kilo huacha shilingi 80. Boksi lililopata samaki litaleta shilingi 1,600, na ukitoa bei ya barafu yenyewe zinabaki 1,300. Boksi lililokosa samaki litapoteza shilingi 300, kwa kuwa barafu ya leo haina kazi kesho.

Sasa usifikirie maboksi yote kwa jumla. Fikiria lile la mwisho tu, lile ambalo muuza barafu anakuuliza, "Nikuongeze?" Ukilichukua, kuna uwezekano fulani kwamba litatumika likuletee 1,300, na uwezekano uliobaki kwamba litakupotezea 300. Mpaka wa kulichukua au kuliacha uko pale ambapo pande hizo mbili zinalingana, na huo unapatikana kwa kugawanya 300 kwa jumla ya 300 na 1,300. Jibu ni kama asilimia 19. Kwa maneno mengine, boksi la ziada linastahili kununuliwa hata kama litatumika siku moja tu katika kila siku tano. Mtu anayesikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani umekosea kugawanya.

Hesabu hii haikuzaliwa katika biashara ya samaki. Mwaka 1888 mwanauchumi Francis Edgeworth alilitazama swali la sura hiyo hiyo upande wa benki: iweke fedha taslimu kiasi gani ili iweze kuwalipa wateja watakaokuja kutoa, bila kulaza fedha nyingi zisizo na kazi. Baadaye wataalamu waliliita tatizo la muuza magazeti, kwa kuwa gazeti lisilouzwa leo kesho ni karatasi ya kufungia tu. Barafu ni mbaya kuliko gazeti, maana haifungii hata karanga.

Ili kanuni hiyo itumike, linahitajika daftari. Chukua siku 100 za msimu mmoja na uandike kila siku samaki waliopatikana wangehitaji maboksi mangapi. Tuseme siku 20 yalihitajika manne au pungufu, siku 15 matano, siku 20 sita, siku 15 saba, siku 12 manane, siku 8 tisa, na siku 10 yalihitajika kumi au zaidi. Wastani wake ni sita na kitu, na mazoea ya wengi yangeangukia hapo hapo penye sita. Lakini boksi la saba lingetumika katika siku 45 kati ya 100, ambayo ni mbali sana juu ya asilimia 19. Boksi la nane lingetumika siku 30. Boksi la tisa lingetumika siku 18 tu, na hapo ndipo tunapofika mpakani. Kwa hiyo jibu ni maboksi manane. La saba huongeza shilingi 420 kwa siku kwa wastani, la nane huongeza 180, jumla 600, wakati la tisa lingepunguza shilingi 12, ambazo hazitoshi hata kubishania.

Mzee mmoja anunuaye samaki hapa mjini, ambaye namwita ami kwa heshima na kwa ujirani, aliisikiliza hesabu hii hadi mwisho. Akanijibu, "Mwanangu, barafu iliyoyeyuka nimeiona kwa macho yangu. Hao samaki unaoniambia niliwakosa, nani amewaona?"

Swali lake ndilo kiini cha jambo lote, na sijawahi kusikia mwalimu akilieleza vizuri zaidi. Hasara ya barafu iliyobaki ina mwili: ni maji yanayomwagwa jioni, ni shilingi 300 zilizotoka mfukoni. Hasara ya barafu iliyopungua haina mwili. Samaki amechukuliwa na mnunuzi mwingine, hakuna risiti, hakuna anayekuja kukwambia. Mtu akiongozwa na macho peke yake atapunguza maboksi kila anapoona maji, hata afike mahali ambapo barafu yake haibaki kamwe na akajiona mwerevu. Na kwa namba zetu za mfano, anayechukua manane atayaona yale mawili ya ziada yakiyeyuka yote katika siku 55 kati ya 100. Zaidi ya nusu ya siku ataonekana amekosea, na bado ndiye anayepata zaidi mwisho wa msimu.

Kwa kuwa ami hakuridhika na mgawanyo, tuliiacha kanuni pembeni tukachukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Mjukuu wake alikata karatasi za daftari kuukuu la shule vipande mia, akaandika juu ya kila kimoja idadi ya maboksi ya siku moja kama ilivyokuwa katika orodha, akavitia mkebeni. Kisha ami akawa anatikisa, anachomoa kipande, anakisoma, anakirudisha. Mjukuu akiandika safu mbili, moja ya mtu achukuaye maboksi sita na nyingine ya achukuaye manane. Kila baada ya vipande sita tulipiga mstari, tukahesabu kuwa ni wiki, maana Ijumaa yeye hanunui. Wiki nyingi safu ya manane ilishinda, wakati mwingine kwa mbali. Lakini zilitoka pia wiki ambazo safu ya sita ilikuwa bora, na mara moja zilifuatana. Ami akatabasamu kwa hizo. Hata hivyo alikuwa ameona kitu ambacho kanuni peke yake isingemwonyesha: kwamba wiki mbaya haithibitishi kuwa uamuzi ulikuwa mbaya. Wataalamu wamekuwa wakifanya hivi kwa kompyuta tangu miaka ya 1940, kwa njia waliyoiita Monte Carlo kwa jina la mtaa wa kamari wa Monaco, na tofauti ya mkebe wetu na kompyuta zao ni mwendo tu.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ile shilingi 1,300. Ami aliipinga kwa njia mbili, na zote zilikuwa za haki. Kwanza alisema samaki aliyekosa barafu hapotei moja kwa moja, kwa kuwa mama karanga, wale wanawake wanaouza samaki wa kukaanga, wapo, na watamchukua wamkaange jioni ile ile, kwa bei ndogo. Basi ikiwa kwa njia hiyo anaokoa shilingi 400 kwa kilo 20, hasara ya kukosa boksi si 1,300 bali 900. Nikarudia hesabu kwa 900, na mpaka ukapanda hadi asilimia 25. Boksi la nane, linalotumika siku 30 kati ya 100, bado liko ndani, na la tisa bado liko nje. Jibu halikutikisika.

Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi. Wavuvi wengi huuza kwa tajiri aliyewasaidia nyavu, mashine au fedha za matumizi wakati bahari imechafuka, na uhusiano huo una masharti ya pande mbili. Mvuvi akileta samaki ukamwambia huna pa kumtia, leo atauza kwingine na kesho pia huenda akauza kwingine. Hilo lina bei gani? Hakuna kitabu kitakachokwambia, na mimi sikuwa na haki ya kumchagulia. Ami alifikiri kwa muda, akataja hasara ya jumla ya shilingi 3,000 kwa kila boksi lililokosekana, huku akisema ni makisio tu. Kwa 3,000 mpaka unashuka hadi kama asilimia 9, na jibu linakuwa maboksi kumi.

Hapo ndipo modeli ilipotulipa kazi yetu. Tulikuwa tumeanza kubishana juu ya thamani ya uaminifu wa mvuvi, jambo ambalo watu wanaweza kulizungumza hadi isha bila kupatana, na hesabu ikatuonyesha kwamba tofauti kati ya kuuthamini sana na kuuthamini kidogo ni maboksi mawili ya barafu. Maboksi mawili ni shilingi 600 siku ambayo samaki hawakuja kabisa. Ukishajua hivyo, huhitaji kupatana juu ya kila kitu. Ami aliamua tisa, kwa hiari yake, na sikuona sababu ya kumzuia.

Namba iliyostahili kusumbukiwa ilikuwa nyingine kabisa, nayo ilikuwa ndani ya daftari. Mnunuzi huandika alichonunua. Siku ambayo alikuwa na maboksi sita na samaki waliofika walihitaji tisa, daftari lake linaandika sita, kwa sababu alilipia samaki wa maboksi sita tu. Ukikusanya siku kama hizo ukazifanyia wastani, utapata kwamba mahitaji hayazidi sita mara nyingi, utaendelea kununua sita, na daftari litaendelea kukuunga mkono mwaka hadi mwaka. Nimeona biashara kadhaa zenye kumbukumbu safi, zenye mistari na mihuri, ambazo kumbukumbu hizo zilikuwa zikiwadanganya wenyewe kwa namna hii. Dawa yake si ngumu: andika pia saa ambayo barafu iliisha, na siku zile ilizoisha mapema ulizia kwa watu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ambao huandika samaki wanaoshushwa, siku hiyo ilikuwa na uzito gani.

Jambo jingine la daftari ni msimu. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na vyombo hutoka mbali. Kusi likishika, mawimbi ya nje ya miamba huwarudisha wengi ndani, kwenye mikondo na kando ya mikoko, na kinachopatikana ni kingine kwa aina na kwa wingi. Ndani ya msimu mmoja pia bamvua na maji mafu havileti samaki sawa, na mvuvi yeyote atakwambia hivyo bila kuombwa. Mtu aliyechanganya miezi yote katika orodha moja atapata wastani ambao hauifai kusi wala kaskazi. Afadhali kurasa chache za msimu wenyewe kuliko mwaka mzima uliochanganywa, ingawa kurasa chache nazo zina hatari yake.

Duka la vifaa vya ujenzi lina tatizo la namna nyingine, kwa kuwa saruji haiyeyuki. Shida yake ni kuganda, maana hewa ya chumvi haiiachi salama kwa miezi mingi. Saruji ya Lamu hufika Mokowe kwa lori, huvushwa kwa chombo, hushushwa na mahamali, na kutoka gatini hupandishwa punda au mkokoteni kwa sababu vichochoro vyetu havipitishi gari. Swali la mwenye duka ni alete mifuko mingapi kwa safari moja. Akileta michache, analipa safari nyingi. Akileta mingi, fedha zake zinalala ghalani.

Ford Whitman Harris, Mmarekani aliyekuwa mhandisi, alitoa jibu lake mwaka 1913 katika jarida la mambo ya viwanda: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya safari, zidisha mara mbili, gawanya kwa gharama ya kuweka mfuko mmoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa mfano, duka linalouza mifuko 1,200 kwa mwaka, lenye gharama ya shilingi 4,000 kwa kila safari na shilingi 240 za kuweka mfuko mmoja kwa mwaka, litapata mifuko 200. Safari sita, gharama 48,000 kwa mwaka: 24,000 za safari, na 24,000 za kuweka, kwa kuwa ghalani hulala kwa wastani nusu ya shehena, yaani mifuko 100.

Kazi yenyewe huanza unapouliza hizo 4,000 zimetoka wapi. Mwenye duka hukutajia kila kitu kwa pamoja: chombo, mahamali, punda, simu, chai. Lakini hamali na mwenye punda hulipwa kwa mfuko, na mfuko utabebwa mara moja tu kutoka gatini hadi dukani, uje peke yake au uje na wenzake mia tatu. Gharama hizo haziingii katika uamuzi huu hata kidogo. Kinachoingia ni kile kinacholipwa kwa sababu safari imefanyika: kukodi chombo, siku nzima ya mtu wa kusimamia, lori lililongojeshwa. Kutenganisha hivyo viwili ni somo kubwa kuliko kipeuo cha pili.

Zile 240 nazo huleta mjadala. Wafanyabiashara wengi hapa hawakopi kwa riba, na hoja yao ni kwamba mali iliyonunuliwa kwa fedha zao wenyewe hailipiwi chochote ikikaa. Nami hujibu kwamba fedha zilizolala katika saruji ni fedha ambazo hazikununua rangi, misumari wala mabati yaliyoulizwa na mteja wiki iliyopita akaambiwa hayapo. Faida ya mabati hayo ndiyo bei ya kulaza saruji. Ongeza mifuko inayoganda, ongeza kodi ya ghala, na namba inajitokeza bila kutaja riba.

Ambacho hupenda kuwaonyesha zaidi ni jinsi kanuni hii isivyo kali. Mwenye kuleta mifuko 300 badala ya 200 atatumia 52,000 badala ya 48,000, ambayo ni asilimia 8 tu zaidi. Mwenye kuleta 100 atatumia 60,000, asilimia 25 zaidi. Kwa hiyo ikiwa chombo kinachopatikana hubeba mifuko 240, jaza chombo uende zako. Siku hizi kuna vijana wanaouza programu za akili mnemba kwa maduka yanayohitaji kipeuo kimoja cha pili na kalamu, na sina neno baya nao, ila ningependa kwanza waulize mahamali wanalipwa vipi.

Ami sasa analo swali jingine, nalo ni la mashine yake mwenyewe ya kutengeneza barafu. Mimi sikulipigia hesabu ya wastani, na nilimweleza sababu. Boksi la nane huamuliwa kila siku, na siku mia zikipita bahati nzuri na mbaya zinafidiana. Wiki ikiwa mbaya kuna wiki nyingine. Mashine hununuliwa mara moja, kwa fedha nyingi ambazo sehemu yake ni ya ndugu, na kama kusi la kwanza litakuwa baya au umeme ukawa wa kukatika, hakuna mkebe wa kuchomoa kipande kingine. Kwa uamuzi wa namna hiyo wastani mzuri haumkingi mtu asifilisike kabla ya kuufikia. Tulichofanya ni kuandika miezi ya kusi mbaya anayoikumbuka, kuondoa mapato ya miezi hiyo, na kuhesabu angeweza kuendelea kurudisha fedha za watu kwa muda gani. Ilitoka miezi mitatu. Kusi huzidi hapo, kwa hiyo tumeanza kuulizia bei ya mashine ndogo zaidi, na kama jirani yake wa dikoni angekubali kuingia nusu kwa nusu.